Dawa ya Kushuka

Mama yangu alikuwa na presha mbili, moja ya Kenya na moja ya Uganda. Alinieleza hivyo mwenyewe, huku akipanga mikungu ya matoke kwenye turubai lake sokoni Malaba, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba ana shamba huku na jingine kule. Ya Kenya ilikuwa ya kupanda. Ya Uganda ilikuwa ya kushuka. Kila moja ilikuwa na dawa yake, na zote alikuwa akizimeza bila kukosa, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi.

Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na haraka. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii: nina fulana, nina begi la mgongoni lenye mashine ya kupima presha, na nina simu ya kazi ambayo huwezi kuitumia kumpigia mtu, kazi yake ni kuuliza maswali tu. Nazunguka nyumba za kijiji changu nikiwaeleza watu juu ya magonjwa, na ugonjwa uliokuwa umepangwa kwa miezi ile ulikuwa presha. Asubuhi hiyo nilikuwa na nyumba saba za kumaliza kabla ya mkutano wa chifu. Nikamwambia mama, "Sawa, endelea kunywa," nikaenda zangu.

Endelea kunywa. Mtu akiniuliza leo ni ushauri gani mbaya zaidi niliowahi kumpa mgonjwa, ninao huo hapo, maneno mawili, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyenizaa.

Nilipokuwa mtoto huko Angurai, presha ulikuwa ugonjwa wa watu wenye magari. Sisi tulikuwa na malaria na minyoo, na tuliridhika. Tulikula atap, ugali wetu wa wimbi na muhogo, na mboga iliyopondewa simsim, na chumvi ilikuwa kitu cha kutumwa kuombwa kwa jirani. Siku hizi mama yangu, mwanamke anayeishi kwa kuuza ndizi, anakunywa chai ya asubuhi kwa mkate mweupe uliopakwa siagi ya kopo. Mchana anakula chipsi za kibanda, zilizokaangwa kwa mafuta yaliyovuka bahari kutoka Malaysia. Jioni anapika samaki wa katoni kutoka China, na Port Victoria ipo, na ziwa lipo, na samaki wa huko wamepakiwa kwenda kuliwa na watu wengine mbali. Juu ya hayo yote anamimina kiungo cha pakiti ambacho ukisoma nyuma utaona ni chumvi kwa sehemu kubwa. Simlaumu. Nami nakula hivyo hivyo, tena nikiwa nimevaa fulana ya afya.

Watu hutoka mbali kuja kutufundisha utandawazi ni nini. Sisi wa Malaba tunaujua. Umeegesha mbele ya nyumba zetu, umezima injini, unasubiri karatasi zake zigongwe muhuri. Kuna siku foleni ya malori inafika mahali ambapo aliye mwisho wake hajui kama yuko Malaba au ameshapotea njia. Mwaka ule wa korona tuliwapima madereva joto la paji la uso mmoja baada ya mwingine, wa Rwanda, wa Kongo, wa Sudan Kusini, na kila mmoja alitutazama kama sisi ndio tuliouleta ugonjwa. Sisi nasi tuliwatazama vivyo hivyo. Ndipo nilipoanza kazi hii, na niliipenda. Nasema wazi kwamba niliipenda kwa sababu watu walinisikiliza.

Presha ya mama iligunduliwa kwenye zahanati yetu, upande wa Kenya. Walimpima, wakamwambia imepanda, wakampa kadi na vidonge vidogo vya manjano. Namba zake ziliandikwa kwenye kadi na mimi nilizisoma, nikazishika kichwani. Anaishi kwenye kiwanja chetu, nyumba yake iko nyuma ya yangu, na kila asubuhi nikienda kazini napita mbele ya mlango wake.

Simu ya kazi ilipoanza kuuliza kuhusu presha, nilianza na nyumba yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi. Je, katika kaya hii kuna mtu mwenye presha? Ndiyo. Je, anatumia dawa? Ndiyo. Weka kipimo cha leo. Mama alikuwa ameshakwenda sokoni, na mimi nilikuwa na zile namba za kadi kichwani, basi nikaziweka. Mwezi uliofuata nikaziweka tena, ila nikabadilisha tarakimu ya mwisho isije ikaonekana ni kipimo kile kile. Simu ikaniandikia hongera. Ina kawaida hiyo, inapongeza hata mtu asiyestahili.

Sasa nije kwenye bango, kwa sababu bila bango haya mengine yasingetokea.

Semina ilifanyika Busia mjini, kwenye ukumbi wa hoteli, kwa siku tatu. Wageni wengine walitoka Nairobi na wengine walitoka mbali zaidi. Walikuwa watu wema. Walituletea bango ambalo, walisema, lilikuwa limefanya kazi vizuri sana katika nchi nyingine, wakazitaja nchi hizo, na moja sikuwa nimewahi kuisikia. Lilikuwa limeshachapishwa huko huko, kwa wingi, karatasi nzito inayong'aa. Picha zilikuwa tayari. Kilichobaki ni maneno, na chini ya kila picha walikuwa wametuachia mstari mweupe.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyeshika kichwa, kando yake mshale mwekundu unaoelekea juu. Ya pili ilikuwa kidonge kikubwa chenye mshale wa kijani unaoelekea chini. Ya tatu ilikuwa kichupa chenye vitobo juu ya kifuniko, kimechorwa msalaba mwekundu.

Kichupa ndicho kilichotusumbua kwanza. Wageni walisema hiyo ni chumvi. Kwetu chumvi hukaa kwenye kopo, au ndani ya pakiti yake iliyokunjwa mdomo, nayo huchotwa kwa vidole. Mwenzetu mmoja kutoka Bumala akasema kwa upole kwamba watu wake watafikiri ni poda ya watoto. Ukumbi ukacheka, wageni wakaandika jambo hilo kwenye daftari zao, na kichupa kikabaki pale pale kwa sababu kilikuwa kimeshachapishwa. Nilipolitundika bango sokoni, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza kwa nini serikali imekataza poda. Nikamweleza kwa kirefu. Akasema ameelewa kabisa. Wiki iliyofuata mtoto wake alikuwa na upele wa joto shingo nzima.

Kisha tukafika kwenye maneno. Mgeni mmoja akauliza ni nani kati yetu anayejua Kiswahili vizuri. Hilo ni swali gumu kuuliza Busia. Kiswahili chetu huku ni cha kuulizana bei na kutukanana barabarani. Jambo likiwa zito kila mtu anarudi kwao, kwa Kiteso, kwa Kiluhya, kwa Kijaluo. Lakini mimi shuleni nilikuwa napata alama nzuri, tena nina mdomo, nikainua mkono. Wakaniambia niweke maneno machache kwa sababu nafasi ni ndogo.

Chini ya yule mwanamke nikaandika PRESHA YA KUPANDA. Hapo sikukosea; ndivyo watu wote wanavyouita ugonjwa huo. Chini ya kidonge nilitaka kuandika dawa ya kushusha presha. Mstari ukawa mfupi. Isitoshe, niliona itapendeza ikifuatana na ile ya kwanza. Nikaandika DAWA YA KUSHUKA. Kupanda, kushuka. Niliposoma kwa sauti, ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi nikakaa chini nikijiona mwandishi.

Mtu yeyote wa huku angeweza kuniambia, na mimi mwenyewe nilijua tangu nikiwa mtoto wa shule, kwamba kwetu presha ziko mbili. Kuna presha ya kupanda na kuna presha ya kushuka. Ukisema unaumwa presha, swali la kwanza ni, "Yako ni gani?" Ya kupanda inakuletea kichwa kuuma na hasira. Ya kushuka inakuletea kizunguzungu na giza machoni, na ikikushika unakimbiziwa soda na chumvi. Basi mtu akisoma bango langu, upande mmoja anaona ugonjwa wa kupanda, ambao haukuandikiwa dawa, na upande wa pili anaona dawa ya ule ugonjwa mwingine. Niliyajua hayo yote. Lakini nilikuwa kwenye ukumbi wenye feni na chai ya saa nne, na kwa siku tatu nilisahau nilikotoka. Baadaye nimezunguka na kalamu nene nikirekebisha kila bango ninaloweza kulifikia, na yako mengine kwenye kuta ambazo sizijui.

Bango la kwanza kabisa nililitundika nyumbani kwa mama, karibu na kalenda ya kanisa. Wageni wakija aliwaonyesha. "Haya maneno ni ya mtoto wangu," alikuwa akisema. Alilisoma mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote katika kaunti hii.

Alipoanguka ilikuwa Jumamosi, saa nne hivi za asubuhi. Alikuwa ametoka kuchukua ndizi upande wa Uganda, na mkungu aliutanguliza kwa baiskeli ya mzigo, yeye akafuata kwa miguu kati ya malori. Karibu na soko aliona giza. Alikwenda chini mbele ya tairi la trela, na mkono wa kushoto ukamlalia vibaya. Ile foleni ambayo kila mtu Malaba huilaani ndiyo iliyomwokoa. Trela lile halikuwa limesogea tangu usiku uliotangulia. Dereva wake, Mkongo, alikuwa amechutama chini ya bodi akichemsha chai yake, na ndiye aliyemwona kwanza. Alimwinua, akamlaza kivulini, akaanza kuita, "Mama ameanguka! Huyu ni mama ya nani?"

Mimi nilikuwa barazani kwa mtu, sio mbali, nikifundisha juu ya presha.

Nilipofika, akina mama wa soko walikuwa wamemzunguka. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananiona. Midomo ilikuwa nyeupe kwa chumvi waliyompaka ulimini. Chupa ya soda ilikuwa imemwagika nusu kwenye blauzi yake. Nilipiga magoti nikamshika shavu, lilikuwa na jasho la baridi, na nasema bila kuficha kwamba elimu yote ilinitoka, nikabaki mtoto tu anayeita mama.

Jirani yake wa biashara, muuza nyanya, ambaye huja kwenye kila mkutano wangu na kukaa mbele, alinishika bega. "Usiogope, dada," akasema. "Tulijua ni ile ya kushuka. Tumeangalia kwa kikapu yake, tukapata hiyo dawa nyeupe. Tumempatia moja saa hii."

"Mmempa dawa gani?"

"Dawa ya kushuka. Si ni vile ulitufundisha?"

Akanionyesha pakiti. Nilifungua begi, nikatoa mashine, nikamfunga mama mkono ule mzima, na kwa sababu ya kelele za watu nikalazimika kuwaomba wanyamaze. Walinyamaza kwa heshima kubwa. Mashine ikavimba, ikapumua, ikaandika kwamba haioni kitu. Nikaianzisha upya. Mara ya pili ikatoa namba za chini kiasi kwamba muuza nyanya, aliyekuwa akichungulia juu ya bega langu, aliuliza kama betri imeisha.

Tulimpakia kwenye teksi. Yule dereva Mkongo alitusaidia kumbeba, kisha akakimbilia trela lake, kwa sababu foleni ilikuwa imeanza kusogea na nyuma yake wenzake walikuwa wanapiga honi.

Hospitalini walimtundikia maji. Walimfunga mkono plasta. Walimweka kitandani na miguu imeinuliwa, na mpaka saa nane mchana nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikiangalia tone baada ya tone. Nilihesabu magonjwa niliyowahi kufundisha. Nikajaribu kukumbuka ni mtu gani aliyepona kwa sababu yangu, na nikampata mmoja, wa minyoo.

Mama alipopata nguvu ya kuongea, kitu cha kwanza alichouliza ni ndizi zake ziko wapi. Nikajua amerudi. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi, ndani ya wodi iliyopigwa deki.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, lakini alivuta kiti akakaa, jambo ambalo si wengi hulifanya. Akaomba kuona dawa zote anazotumia mgonjwa. Nikamtolea kutoka kikapuni pakiti mbili, moja ya vidonge vya manjano, moja ya vyeupe, nikazilaza kwenye blanketi. Majina yalikuwa tofauti. Maboksi yalikuwa tofauti, moja la bluu lenye picha ya moyo, jingine jeupe lenye mistari. Daktari akazigeuza zote mbili, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma, kisha akanipa nami nisome.

Dawa ilikuwa moja. Nguvu ile ile. Hata kiwanda kilikuwa kimoja, mji mmoja huko India, anwani mpaka namba ya barabara. Dawa ilikuwa imetoka mlango mmoja, ikapanda meli, ikagawanyika njiani, ikapewa majina mawili na rangi mbili, na baada ya safari hiyo yote ikakutana tena kwenye kikapu cha mama yangu.

"Mama," daktari akasema, "hii ni kitu moja. Umekuwa ukimeza double."

"Hapana, daktari," mama akamjibu kwa adabu. "Hii ya yellow ni ya Kenya, ya kupanda. Hii white ni ya Uganda, ya kushuka."

"Nani alikuambia ni ya kushuka?"

Akamweleza taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. Kuna wakati zahanati yetu iliishiwa dawa kwa miezi miwili. Ndipo alipovuka na kadi yake hadi duka la dawa upande wa pili, na msichana wa pale akasoma kadi, akampa vyeupe, akamwambia kwa heshima anayopewa bibi huko, "Jajja, hii ni ya kushusha." Alipofika nyumbani aliangalia ukutani ahakikishe, na kweli, pale kwenye bango palikuwa na picha ya kidonge, tena cheupe, imeandikwa dawa ya kushuka. Basi akaelewa kwamba kumbe ana ugonjwa wa pili ambao Kenya hawakuugundua. Vidonge vya manjano viliporudi zahanati, akavirudia pia. Asingeweza kutibu presha moja akaiacha nyingine.

"Na kizunguzungu kilianza lini?" daktari akauliza.

"Hapo tu, mwezi huo. Nikajua hii ya kushuka imenikalia vibaya. Sasa nikisikia kizunguzungu naongeza white moja."

"Unaongeza."

"Na nalamba chumvi. Halafu kesho yake napika bila chumvi, juu ya ile ya kupanda. Nimekuwa nikizifuata zote, daktari. Sijaruka hata siku moja."

Daktari akazitazama tena zile pakiti mbili. Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka lawama na akikosa. Msichana wa duka la dawa alikuwa amesema kweli. Zahanati ilikuwa imeandika sawa. Wa India walikuwa wamepima sawa. Mama alikuwa amefuata maagizo kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumtembelea. Silabi moja tu ndiyo iliyokuwa mahali pasipo pake, ka mahali pa sha, na nilijua ni mkono wa nani ulioiandika, mkono wenyewe ulikuwa umelala pajani mwangu.

Daktari akamweleza. Presha ni moja. Yake ni ya kupanda, na dawa ni ya kuiteremsha, na akizidisha inateremka hadi inamwangusha. Figo zake nazo zitapimwa, kwa sababu zimefanya kazi na damu kidogo kwa miezi mingi. Atameza kidonge kimoja tu, cha rangi yoyote, kwa siku. Mama alisikiliza, akaitikia, kisha akauliza: mtu wa kijijini atajuaje kwamba vitu viwili vyenye majina mawili na rangi mbili kutoka nchi mbili ni kitu kimoja?

"Ndio maana kuna watu wa kuwaelimisha nyumbani," daktari akasema. Akavuta fomu, akabonyeza kalamu. "Huko kwenu kuna mhamasishaji wa afya?"

Nilikuwa nimejifunga leso kifuani kwa sababu ya ile soda iliyonilowesha nilipombeba, na fulana ya kazi haikuonekana. Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Yuko," akasema.

"Anakujanga kwako?"

"Anapitanga kila siku."

"Anapimanga presha?"

"Anapimanga watu wengi sana. Ako na bidii, huyo. Ata jua likiwaka vipi utamwona na begi."

Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa ameegemea mto, mkono wenye plasta kifuani, anamtazama daktari kwa macho meupe ya mtu mwaminifu, na hakuwa amesema uongo hata neno moja. Daktari akaweka alama kwenye kisanduku. Elimu ya afya nyumbani: ndiyo. Niliiona kalamu ikikipita kile kisanduku na kushuka kwenye swali linalofuata, na ningeweza kuiacha iendelee. Fomu ile ingekwenda Busia, ingejumlishwa na nyingine, ingefika Nairobi, na ingewafikia wale watu wema walikotoka, na huko mtu angesoma kwamba bango linafanya kazi.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Huyo mhamasishaji. Na huyu ni mama yangu, na hayo maneno ya ukutani niliyaandika mimi. Na hizo namba zake zilizo kwenye simu si za kupima, nilizitoa kichwani."

Daktari aliitazama leso, kisha akanitazama usoni. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeongezewa kazi wakati zamu inaisha.

"Sasa hapa niandike nini?" akauliza.

"Andika hapana."

"Daktari, usiandike," mama akasema haraka. "Huyu watamfuta kazi. Hawezi kunyamaza, tangu akiwa mdogo."

Daktari akaikata ile alama, akaandika hapana, akatia sahihi pembeni, akainuka kwenda kitanda kingine. Mama alisubiri afike mbali. Kisha akanivuta kwa mkono wake mzima, na kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu niolewe, akaninong'oneza kwa Kiteso ili wodi isisikie, "Si ungemwambia ulinipima walau mara moja."

Nikatafuta. Nilirudi nyuma mwezi kwa mwezi, asubuhi kwa asubuhi, kila mara nilipoupita mlango wake na begi mgongoni, nikitafuta hiyo moja, ili nimwambie.

Haikuwepo.